Bunduki ya Sokulu mu Munada wa Beni

Butembo, tarehe 13 mwezi wa tatu 2000

Muyisa,

Hauna haya. Naanza na ile; salamu utaipata nyuma kama itabakia.

Jana siku ya Mungu niliachia Kitsa wa jirani ufunguo, nikaenda misa. Wakati nilirudia nilikuta dari ya jiko iko wazi kama kinywa ya muzee bila meno. Nikamuuliza Kitsa. Anasema: «Shafii alikuja na camion yake, Muyisa amemutuma, alisema Mukaka anajua.» Mukaka anajua nini? Mukaka alikuwa kanisani anakuombea wewe, mupumbavu!

Bunduki tano. Tangu Sokulu wako Sikuli, bwana yangu, alianza kuzikusanya, zililala juu ya moto yangu. Yeye alikuwa anaziringia mbele ya wageni, mimi nilikuwa nazitunza na moshi, mududu asikule mti, kutu isikule chuma. Ile ya midomo mbili muzungu wa kahawa alimuachia siku alikimbia. Ile Mauser ya basoda, maaskari ya zamani. Ile ndogo ya ndege. Na gobole mbili ya fundi wa Kayna. Sokulu alizipenda kuliko mbuzi, na siku zingine niliona ni kuliko mimi. Lakini hata moja haikupiga mutu. Nyama, ndiyo. Nyani ya kuiba mahindi, ndiyo. Mutu, hapana.

Sasa Shafii, ambaye kinywa yake haina mulango, ameniambia umezipeleka kwa Jumaine wa Beu, yule muislamu anayeuzishaka vitu vya batu mu munada, vitanda na mashini ya kushona, batu wanapandisha bei kwa makelele. Unafikiri mu Beni ya leo nani ananunua bunduki? Mwalimu? Masista? Ni basoda. Ni bale bale wanaoingia mu pori kutafuta Mai-Mai, vijana ya kwetu wanaopigana nabo. Na mu ile pori kuko nani? Kuko Élysée. Ndugu yako wa tumbo moja. Mama yenu alikufa, mimi bibi yenu nikawabeba bote wawili ku mugongo moja, na sikusikia hata siku moja kama ile mugongo ilikuwa na upande wa kuuza.

Tena haukuaga. Shule imekufuta kichwa, basi nakukumbusha. Kwetu bunduki ya mwenye kufa haitoke mu nyumba bila kuagwa. Kila mwanaume wa nyumba anaweka mukono wa kuume juu ya mti wa bunduki, mukono utupu, bila nguo, mpaka ku kiko pale unakunjika, mwenye kufa aone hauna damu ya mutu. Anasema: «Sokulu, kitu yako inaenda kwa wengine, isinijue tena.» Kila mwanaume, siyo moja kwa wote. Bunduki haikuagwa inajua njia ya kurudi, na ikirudi inatafuta mwenye nyumba. Ndugu ya Sokulu aliuza gobole moja bila kuaga, mwaka haukuisha, ile gobole ikamuua mutoto wake wa kwanza mu lupango, mbele ya mulango ya nyumba. Nilimuosha ule mutoto na mikono yangu.

Rudisha. Nasema rudisha.

Ni mimi Mukaka wako,
Katungu


Beni, le 18 mars 2000

Mukaka wangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, juu nilijua ukiniona nimekaa ungeniongezea.

Pardon kwa namna nilifanya. Mais kama ningekuuliza, ungekataa, na mimi sikuwa na wakati ya kukataliwa. Mukaka, unajua kama mu Butembo balichoma nyumba ya muzee moja juu ya gobole moja tu, ya kutu, haikuwa hata na baruti? Wewe ulikuwa na tano. Kila siku ulikuwa unapika bugali chini ya kifo yako. Donc niliona afadhali unitukane ukiwa muzima.

Jumaine ni mutu mwaminifu. Kila bunduki ameipa numéro, ameandika iko na permis ya Sokulu. Ijumaa tarehe 7 mwezi wa ine anaziweka inje ku meza, mu lupango yake ya Beu, mutu yeyote anaingia, anaangalia, anashika. Samedi, kesho yake, anapiga jante, chuma ya gurudumu ya gari, muitaji anaita, batu wanapandisha. Wanunuzi ni bawindaji ya Eringeti na watu wa kahawa. Kuko na muzee moja wa Uganda anakusanyaka bunduki ya zamani kama vile Sokulu. Siyo basoda. Shafii anasemaka tu.

Nakuomba kitu moja. Zile vyuma vya nyuma, culasse ya Mauser na ya ile ndogo, Sokulu alikuwa anazilalisha mbali, mu kopo ya mafuta. Jumaine anasema bila culasse anauzisha kuni. Zitume na Shafii.

Na kuaga, nitaaga mimi. Nitaweka mukono wangu kwa niaba yangu na ya ule mwingine. Jina yake usiiandike tena! Ku barrière, pale basoda wanafunga njia, wanafungua barua.

Rébecca na batoto wanakusalimia. Mudogo ameota jino, anauma kama wewe.

Mujukuu wako,
Muyisa


Butembo, tarehe 22 mwezi wa tatu 2000

Muyisa,

Nimesikia. Mimi ni muzee, na wewe uko na kichwa ya shule, uzisha. Culasse ndizo hizi, nimezifunga mu kitambaa ya Sokulu, kitambaa unirudishie.

Aga vizuri. Ule mutoto wa jino umupe kidole yako, siyo ya Rébecca.

Katungu


Butembo, tarehe 22 mwezi wa tatu 2000

Élysée,

Kitsa anakuja kununua maharagi kwenu, atakupa hii. Soma, kisha kula karatasi. Sichezi.

Ndugu yako amepeleka bunduki ya Sokulu mu munada ku Beni. Anasema wanunuzi ni bawindaji. Mutoto niliyemulea mimi akidanganya, namusikia hata ku karatasi. Ni basoda watanunua, na kesho kutwa watakuja nazo mu ile pori yako. Sasa sikiliza. Kama umeaga bunduki ya kwenu, haiwezi kukujua tena, risasi yake inakupita kama mugeni. Kama haukuaga, itakutafuta mu miti yote mpaka ikupate. Muyisa anasema ataaga kwa ajili yenu wawili. Ni kama kukuambia atakunya kwa ajili yenu wawili.

Ijumaa tarehe 7 mwezi wa ine zitakuwa inje ku meza, lupango ya Jumaine, Beu, kila mutu anaingia. Ingia kama mununuzi. Weka mukono ku kila moja, zote tano. Mukono utupu mpaka ku kiko, hapana kudanganya Sokulu na nguo. Sema maneno polepole. Toka. Usingoje Samedi.

Na Muyisa usimutafute mbele. Akijua unakuja, woga itamufanya aseme kama radio. Nimemwambia ndiyo ili anyamaze, na culasse nimempa. Ukimuona mu lupango, pita kama haumujue.

Unakula? Kitsa anasema umekonda. Ukikonda tena nitakuja kukuchapa huko huko mbele ya bakubwa zako.

Mukaka wako


Mu pori, 31 mwezi wa tatu

Mukaka,

Barua yako nimeikula kama uliamuru. Ni kitu ya kwanza nimekula tangu jana.

Docteur wetu, muganga wa dawa ya kuzuia risasi, amekataza nitoke. Chanjo alinikata ku mukono wa kuume, kutoka ku kiganja mpaka karibu ya kiko, bado inatoka maji, anasema mutu wa chanjo mbichi asiende mu mukutano ya batu. Nikamwambia ni Mukaka amesema. Akaniuliza Mukaka wako ana nguvu gani. Nikamwambia: risasi, maji ya dawa inaizuia, lakini kinywa ya ule mama hakuna maji inaizuia. Bakacheka bote. Basi nitatoka.

Nitabeba samaki ya Kyavinyonge, nitavaa koti ndefu ya bachuuzi. Wewe unasema mukono utupu. Ningependa nguo, lakini nitafanya kama unasema, ni kwa dakika kidogo tu. Nani anaangaliaka mukono wa mutu wa samaki? Watu wanaziba pua, wanaangalia fasi ingine.

Usiniulize kama ile mukono iko na damu ao haina. Nitaiweka, Sokulu ataangalia mwenyewe.

Siku ya ine, tarehe 6, nitapita Butembo. Sitafika kwako juu ya macho ya batu. Nitapita njia ya juu, na kutoka kule moshi ya jiko yako inaonekanaka. Washa moto mingi.

Muyisa usimukasirikie sana. Siku nilikimbia alivua viatu vyake akanipa, akarudi nyumbani miguu chini, na wewe ukamutukana kama amevipoteza. Alinyamaza. Mimi nilijua, ni leo nakuambia.

Élysée


Beni, le 10 avril 2000

Mukaka,

Yote imepita muzuri. Bunduki zote tano ziliuzwa, Jumaine alifanya kazi yake vizuri sana. Nimepata karatasi na muhuri, cachet kabisa, kama nyumba yetu haina tena silaha. Sasa unaweza kulala.

Niliaga kwa ajili yetu wawili, na mukono utupu kama ulisema.

Ijumaa kulikuwa makelele kidogo, bamekamata muchuuzi moja wa samaki, nasikia ni mwizi. Siyo kitu. Nakuandikia hii tu juu Shafii anaweza kukuambia vibaya.

Rébecca amekununulia kikwembe, ni ile ya rangi ya bleu ulikuwa unatamani. Kitambaa ya Sokulu sikuipata, pardon.

Niko na malaria. Usiniandikie siku hizi, nitaandika mwenyewe nikipona.

Muyisa


Butembo, tarehe 14 mwezi wa ine 2000

Muyisa,

Muchuuzi wa samaki gani?

Haukuwahi kuniandikia habari ya soko. Mutu akianguka, akiibiwa, akioa bibi ya tatu, hauniandikie. Leo unaandika mwizi wa samaki, na nyuma yake unasema siyo kitu. Kitu ambayo siyo kitu haiandikwe. Mimi nilikulea. Ulipovunja chungu ulikuwa unakuja mbio kuniambia mbuzi iko salama.

Alikuwa murefu? Koti yake ilikuwa namna gani? Alisema jina?

Nakuambia sasa, na barrière wasome kama wanataka. Nilimutuma Élysée. Nilimwambia aende kwa Jumaine Ijumaa, aage bunduki ya Sokulu mwenyewe, apite kama hakujue. Tarehe 6 niliwasha moto mukubwa, nilichoma kuni ya juma nzima, moshi ikanitoa machozi, Kitsa akauliza kama napika ngombe. Alipaswa kupita kurudia siku ya Mungu. Nimewasha kila siku. Leo kuni imekwisha, nachoma milango ya banda ya kuku.

Kikwembe nimempa Kitsa avalishe mbuzi yake. Sitaki kikwembe. Nataka jibu. Ulikuwa mu ile lupango, ni wewe ulikuwa mwenye vitu. Ulimuona?

Kama ni mwizi wa kweli, wa samaki, mutoto wa mutu mwingine, niandikie neno moja, nitaenda kupiga magoti kwa Bikira nikushukurie. Nitakuambia wasingya, asante ya kwetu, na kinywa yangu, kitu haujasikia tangu uzaliwe.

Jibu na mukono yako. Malaria haikuuwe vidole.

Katungu


Beni, 18 Aprili 2000

Kwa Mama Katungu, Butembo,

Salamu za heshima, Mama. Mimi ni Jumaine. Hatujaonana, lakini marehemu Sikuli nilimufahamu wakati wa baba yangu, alikuwa analeta ngozi kwetu, na hakuwahi kusema uongo juu ya ngozi.

Barua yako ya mwisho Muyisa aliileta mu bureau yangu. Aliiweka juu ya meza, akasema: «Jibu wewe, Jumaine, mimi siwezi.» Kisha akakaa chini, kwenye sakafu, kama mutoto. Basi ninajibu. Unisamehe, sitaweza kuizungusha.

Ule wa samaki alikuwa mujukuu wako Élysée.

Aliingia Ijumaa, jua ikiwa juu. Watu walikuwa wengi. Aliweka samaki yake ku mulango, akaenda moja kwa moja ku meza. Mimi nilikuwa karibu. Alipandisha mukono ya koti mpaka ku kiko, akaweka mukono juu ya ile ya midomo mbili, midomo yake ikatembea. Halafu ile ya pili. Mu bunduki ya tatu soda moja akamuuliza:

«Wewe wa samaki, unaombea bunduki dua?»

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, akasema: «Naangalia bei, afande.»

«Bei inaangaliwa na mukono utupu?»

Hapo ndipo soda akaona chanjo. Zilikuwa nyekundu bado. Mama, mu Beni hata mutoto anajua ile chanjo ni ya nani. Wakamushika. Hakupigana. Alisema tu: «Ngojeni, imebaki mbili.» Hawakuelewa, wakadhani ni bomu mbili, watu wakakimbia, meza ikaanguka.

Mukubwa wao akauliza nani anamujua. Akaita Muyisa, juu vitu vilikuwa vyake: «Huyu anashika mali yako. Unamujua?» Muyisa aliangalia chini, halafu akamuangalia. Akasema: «Simujue.» Ule mukubwa akageuka: «Na wewe, huyu tajiri unamujua?» Mujukuu wako akamupima Muyisa kutoka kichwa mpaka miguu, akasema: «Mimi nitajua wapi mutu wa viatu vizuri hivi?» Soda wakacheka tena, wakamupeleka.

Mama, usimuhesabu Muyisa kama mwizi wa bunduki. Ni kweli alikudanganya juu ya wanunuzi. Zote tano zilinunuliwa na wakubwa wa basoda, na sisi wawili tulijua mbele. Lakini wao ndio walimuita mwezi wa pili, wakamwambia: tunajua ndugu yako eko wapi, tunajua bibi muzee eko na nini juu ya moto, toa zile bunduki mbele ya watu ao tutaenda kuzitoa sisi. Mimi nikamushauri munada, ili apate karatasi. Nilifikiri ni musaada.

Nilienda ku camp yao juma lililofuata, siku ya tatu. Walinzi wa mulango wananijua. Wakaniambia ule wa samaki walimuweka mu shimo, na alikufa siku ya Mungu. Wamemuzika nyuma ya ukuta, kwenye migomba. Anayemutaka aje aseme jina lake, na jina la kwao, atamuchukua. Lakini anayesema jina anaandikwa, na ule aliyeandikwa mbele yake sijamuona akitoka. Kwa ile sababu hakuna mutu amekwenda. Muyisa alifika mpaka ku barrière ya camp mara mbili. Nilimuona akirudi.

Nilimuombea kwa namna ya kwetu. Kama si vizuri, unisamehe.

Vitu vya watu sitauza tena vya chuma.

Wako mu huzuni,
Jumaine


Butembo, tarehe 20 mwezi wa ine 2000

Muyisa,

Barua ya Jumaine imefika. Shafii alinipa, akakimbia mbele sijafungua, nikajua.

Muislamu amepata mukono ya kuniandikia, wewe niliyekutafunia chakula haukupata. Jibu wewe, Jumaine! Hata kifo ya ndugu yako umeiweka ku meza, batu wapandishe, nani atakuwa na kinywa ya kuisema.

Nilitaka kukulaani. Nilikaa ku mulango ya jiko tangu asubui natafuta neno yenye kutosha. Kila neno nililopata, nyuma yake niliona Rébecca na batoto, na ule wa jino. Laana haichague, inakula lupango nzima. Nimeiacha. Usifikiri ni huruma.

Nataka ujue kitu moja. Alikucheka mbele yao juu akusaidie. Viatu vizuri! Mimi sikujua ile habari ya viatu mpaka aniandikie. Miaka yote nilikuita mupoteza-viatu, na wewe ulinyamaza. Uko na nguvu ya kunyamaza, wewe. Ingekuwa heri Mungu akugawie kidogo ile ya kusema.

Na mukono utupu, ni mimi nilisema. Yeye aliniandikia angependa nguo, mimi sikumuandikia tena kumwambia: sawa, vaa nguo, Sokulu ataelewa. Nilikuwa na siku sita za kuandika. Nilifikiri njia ya kwetu itamukinga, na ni yenyewe ilimuvua mbele yao. Hiyo ni yangu. Usiiguse, usije kunifariji nayo, na Père, padri wetu, asinifariji nayo. Nitaibeba namna naona.

Alikufa amebakisha mbili. Sijui ni zipi.

Père alikuja jana. Anasema tungoje hali itulie, kisha kanisa itaandika barua kwa wakubwa. Nikamwambia: Père, wewe ngoja, uko na mishahara ya kungoja. Mujukuu wangu eko chini ya migomba ya basoda, na ile migomba itazaa, na watakula. Sitangoje mpaka wakule.

Siku ya kwanza, nyuma ya Pasaka, napanda camion ya Shafii. Alikataa, nikamwambia nitalala mbele ya magurudumu, amekubali. Nachukua mukeka, shuka ya harusi yangu na jembe. Kitsa alitaka kunisindikiza, nimemufukuza, yeye eko na batoto. Nitafika ku mulango ya ile camp, nitasema: «Ule wa samaki anaitwa Élysée, mujukuu wa Sikuli na wa Katungu, wa Butembo, ni mimi nilimutuma.» Wakiandika, waandike. Wakinipa, namuleta hapa, atalala karibu na mama yake. Wakininyima, nitakaa pale ku mulango, na watanisikia, wewe unajua sauti yangu. Wakiniweka mu shimo, basi nitakuwa mu shimo. Mifupa yangu haiwezi kuwapa faida. Sina tumaini ya kurudi naye, na ya kurudi peke yangu sina sana. Nyumba nimemuachia Kitsa. Kuku nimezikula.

Wewe usikuje ku camp. Usikuje hata ku barrière kuchungulia na kurudi, miguu yako imeshafanya ile kazi mara mbili, inatosha. Kaa ku bureau yako. Lakini nawajua bale batu, watatuma kukuita. Watakusimamisha mbele yangu, watauliza: huyu muzee mwenye kelele, unamujua? Rébecca na batoto watakuwa nyumbani wanakungojea.

Utaniangalia mu macho, Muyisa. Hapana chini, mu macho. Na utasema haunijue. Sema kwa nguvu, bote wasikie, usitetemeke. Kisha uende nyumbani kulisha batoto.

Mukaka wako,
Katungu